Bibi wa Kengele ya Tatu

Saa moja asubuhi, Jumapili, na kamba ya kengele imeganda kwa baridi. Bethia Gourlay anaikumbatia, anaipulizia pumzi, anaisugua kwa shali yake ya sufu hadi inalegea. Kisha anavuta. Kengele ya kwanza inalia juu ya paa la kanisa, na mbwa wa jirani anaitikia.

"Huyo ndiye muumini wangu wa kwanza," anasema, mkono kiunoni. "Hao wengine sijui kama watakuja."

Bethia ana miaka sitini na tatu. Mumewe alikuwa mhudumu wa kanisa hili la Galloway, na alipofariki kazi ikamwangukia mjane: kengele, ufagio, makaburi, na maji ya ubatizo. Hulipwa shilingi chache kwa kila kaburi, magunia mawili ya unga wa shayiri kwa mwaka, na chumba kilichoegemea ukuta wa makaburi. Kwa usalama wake, majina yote humu yamebadilishwa.

Huu ni mwaka wa tano tangu mchungaji wao afukuzwe kwa kukataa kuwa chini ya maaskofu wa mfalme. Mahali pake akaletwa kasisi kijana, na watu wakamsusa. Jumapili wanapanda nyikani kumfuata mchungaji wao wa zamani, wanakaa kwenye majani huku mvua ikiwanyea. Mwaka jana baadhi yao walishika silaha, wakashindwa vibaya. Tangu hapo karibu kila nyumba ina askari wa kulisha.

Wa kwa Bethia anaitwa Tosh, askari wa farasi kutoka kaskazini. Amekaa karibu na moto wa mboji iliyokatwa bwawani na kukaushwa, buti zake zikifuka mvuke.

"Bibi Kengele, uji wako una maji."

"Una maji kwa sababu unga uliumaliza wiki iliyopita."

"Basi nipe jibini."

"Jibini uliipa kwaheri jana. Hukumbuki?"

Tosh anacheka, anatoka kwenda kumtandika farasi wake. Bethia hacheki. Anakaa polepole, goti moja kwanza, halafu la pili, kama mtu anayeteremsha mzigo asiouamini.

Kinachomchosha kuliko makaburi ni mjukuu wake, aliyetimiza wiki saba bila kubatizwa. Binti yake Grizel anamnyonyesha pale kitandani. Baba wa mtoto, Ninian, alikuwa miongoni mwa walioshika silaha, na sasa amejificha milimani. Huku baba ndiye anayemshika mtoto mbele ya kanisa na kumwekea ahadi. Kasisi ameshasema hatagusa maji mpaka baba asimame pale.

"Kasisi anamtaka baba kuliko mtoto," Grizel anasema.

"Na kasisi akikubali ashikwe na baba yako mdogo?" Bethia anauliza.

"Ninian hatakubali, mama. Unamjua alivyo."

"Namjua. Kichwa kama jiwe la kusagia. Ndiyo maana analala kwenye pango."

Habari zimekuja kwa mdomo, nyumba hadi nyumba: Jumapili ijayo mchungaji atahubiri nyikani, na baada ya mahubiri atabatiza. Ninian atashuka amshike mwanawe. Akikamatwa, atanyongwa. Hilo kila mtu analijua.

Tatizo ni kengele ya tatu. Ya kwanza huwaamsha watu, ya pili huwatoa nyumbani, na mpaka ya tatu ilie hakuna anayehesabiwa kuwa mtoro. Ikishalia, askari hupanda farasi, hukagua nyumba tupu, kisha huelekea nyikani. Siku ya jua, kivuli cha saa ya jua ukutani mwa kanisa humwonyesha kila mtu saa. Siku ya mawingu, saa ni ile chupa ya mchanga iliyo mezani kwa Bethia.

"Na mawingu, mwanangu, huku hatununui," anasema.

Tangu mumewe afariki hajawahi kuchelewa, hata asubuhi ile ya kumzika. Akigundulika kwamba Jumapili hiyo ameichelewesha makusudi, atapoteza chumba, na pengine zaidi ya chumba. Grizel anamwambia asifanye, ana umri gani wa kulala nje?

"Nifanye nini? Nimefanya kitu mimi?" Bethia anajibu. "Njia ina utelezi. Magoti yanauma. Kamba imeganda. Mchanga nao una unyevu, unashuka kwa uvivu. Kizee akichelewa, nani atashangaa?"

Anainuka kwenda kupiga kengele ya pili. Mlangoni anasimama, anamtazama mtoto.

Huku binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa mama, wala halitamkwi kabla ya maji. Kwa wiki saba Bethia amemwita mjukuu wake "huyu" tu: huyu amelala, huyu ana njaa. Jumapili ijayo, Mungu akipenda, jina lake mwenyewe Bethia litatamkwa nyikani, na yeye hatakuwepo kulisikia.

"Waliseme polepole," anasema, akijifunga shali. "Mimi nitakuwa njiani, naijongelea kamba. Na siku hiyo nitatembea kama nilivyochoka kweli."