Chuma cha Kupasha Taulo na Ukuta wa Dushi

Wacha nicheke mimi kwanza, maana hata leo nikipita sokoni na vikwembe vyangu vya kuuza kuna watu wananiita kwa mbali, "Mama Neema, ukuta iko muzima?" na mimi nasikia haya mpaka kwenye masikio.

Neema, mutoto wetu wa kwanza, alikuwa amepata mchumba, Dieudonné, kijana wa familia ya wafugaji kule Irumu, na wakubwa wake walikubali kuja kwetu Bunia kwa maneno ya posa. Kukubali kule hakukuwa kitu kidogo. Masasi ya bunduki yalikuwa yamenyamaza, lakini yalinyamaza kama mutoto aliye peke yake chumba cha pili, unasikia kimya na roho haitulii, na kila nyumba ya avenue yetu ilikuwa bado na mufuko wa kukimbia umefungwa karibu na mlango. Baba Neema, bwana yangu, alisema kuku na wali zinatosha. Mimi nilikataa. Siye ni watu tuliotoka Butembo, nilitaka wakwe warudi kwao wakisema yule mama anajua kupokea wageni.

Sasa, nilipokwenda Kampala kununua vikwembe nililala hoteli moja, nikakuta kwenye dushi, mahali pa kuoga, chuma kama ngazi kimepigiliwa ukutani, kinaingia courant, umeme ule, unatundika taulo, unaoga, unajifuta na taulo ya moto kama mkate. Jamani! Kesho yake nilikuwa dukani. Vilikuwepo viwili, kidogo chepesi cha taulo mbili, na kikubwa cha chuma kizito ambacho vijana wawili walikibeba wakihema. Muuzaji akaniuliza nyumba yangu ni ya matofali gani, nikamjibu matofali mazuri (nani alimtuma kuuliza?), nikachukua kikubwa.

"Mama Neema," bwana yangu akasema alipokiona, "ukuta ya dushi yetu iko ya udongo. Juu tu ndiyo tulipaka sima, saruji nyembamba."

"Sima ni sima," nikamwambia.

Fundi Jacques naye aliniunga mkono. "Nitaweka misumari mirefu, hata ng'ombe akivuta haitatoka!" Na kweli misumari haikutoka, hiyo nitawaambia.

Kilipowashwa, sikutulia tena. Kila saa nilikuwa dushini nakigusa, naongeza taulo, napunguza, narudi. Asubuhi ya wageni nikaona ufa mwembamba kwenye sima, kama unywele, nikaufunika na taulo ya manjano nikaenda kuangalia kuku.

Wageni walifika na mvua. Jeep yao ilikuwa wazi nyuma, wote walilowa, na Muzee Zakaria, baba mkubwa wa Dieudonné, ambaye ndiye angesema kwa niaba yao, alikuwa anatetemeka. Aliomba maji ya kuoga kabla ya mazungumzo. Mngeniona nilivyofurahi! Nikampeleka na ndoo ya maji moto, kisha (hapa ndipo nilijimaliza) nikawageukia wengine nikasema, "Leteni makoti yote, chuma yangu itakausha." Makoti ya wanaume saba, mazito kama ndama waliolowa, yote nikayatundika pale, Muzee akingoja nitoke.

Tukaketi uani chini ya bâche, turubai ya kukinga mvua. Pasta wetu akaanza kuomba, akashukuru kwa amani, na kabla hajasema amina, PUU!

"Masasi!" mtu akalia.

Kumbe tunajua kukimbia! Bâche ikaanguka, pasta akaruka ua wa miti, dereva akaondoa jeep mlango ukiwa wazi, na kule barabarani nikasikia avenue nzima inakimbia, mama wanaita watoto majina. Mimi nilikuwa nimefika kwenye migomba nilipogeuka nikaona vumbi linatoka nyumba yangu mwenyewe, ukuta wa dushi umelala chini na chuma kikiwa bado kimepigiliwa vizuri juu yake, kinachemka kwenye mvua. Nikafikiri courant, maji, tope. Nikarudi mbio nikakata swichi kubwa. Hapo ndipo nilimwona Muzee Zakaria amesimama na sabuni mwili mzima, ameshika ndoo mbele yake, anatazama mahali palipokuwa na ukuta.

Nikafungua kikwembe cha juu (nilivaa viwili, musinifikirie vibaya), nikamtupia huku nimefunga macho.

Na barabarani bwana yangu alikuwa anakimbia akipaza sauti, "Rudini! Si masasi! Ni ukuta ya dushi ya bibi yangu!" Maneno yale yakapokelewa nyumba kwa nyumba mpaka sokoni.

Makoti yalikuwa tope, kwa hiyo Muzee Zakaria aliketi kwenye mazungumzo ya posa amevaa kikwembe changu cha maua. Ndugu zake walirudi mmoja mmoja, hawaangaliani. Nilingoja aseme tunakwenda, basi, imeisha. Neema alikuwa analia jikoni.

"Mama," Muzee Zakaria akaniuliza, "weye ulitaka kutukausha ao kutuzika?"

Yeye ndiye aliyecheka kwanza, kisha akakaza kikwembe kiunoni. "Nilifikiri ninakufa uchi. Ndugu zangu wote walikimbia. Weye ulirudi." Akawageukia wenzake. "Tuendelee na maneno."

Nilirudi kwa sababu ya courant, lakini siku ile sikusahihisha.

Ndoa ilifanyika, kwao Irumu, na walituogesha na maji ya baridi. Kicheko cha watu nilikizoea. Kile ambacho sikukizoea ni Mama Georgette, jirani yetu, nilivyomwona jioni ile anarudi, mufuko kichwani, mutoto mgongoni, kiatu kimoja. Nilikwenda kumwomba msamaha. Hakucheka hata kidogo.

"Mara ingine ukitaka kuangusha kitu," akasema, "utuambie kwanza."

Tangu siku ile, mgeni akija kwangu amelowa ninamwashia makaa, na taulo anapata ya baridi.