Farasi wa Kusindikiza Wafu

Papa wa mikoba, ndivyo tulivyomwita, amefariki. Wasomaji wanaopita Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara Waafrika katika jiji hili la Kichina, watamkumbuka: mzee wa Lubumbashi, mwenye kofia nyeusi na kicheko cha polepole, aliyenunua mikoba kwenye soko la ngozi la Shiling na kuipeleka kwao. Moyo ulimsumbua tangu mwanzo wa mwaka. Daktari alimruhusu kupanda ndege, ila asisafiri peke yake. Alitaka jambo moja tu, kumwona mama yake ambaye bado yu hai, na alikuwa akitafuta mtu wa kwenda naye.

Siku moja mimi naye tuliingia jumba la makumbusho kukwepa mvua. Ndani ya kabati la kioo walisimama farasi wa kale wa udongo wa kuchoma, wamepakwa rangi za kung'aa, kahawia, kijani na njano iliyofifia. Rangi ilikuwa imechuruzika tanuruni ikaganda kwenye miguu yao, kila mmoja kivyake. Papa aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Mimi mikoba yangu yote sura moja," alisema. Nikamsomea maelezo, kwamba farasi hao walizikwa pamoja na wakubwa ili wawasindikize waendako. Akacheka. "Petit, mdogo wangu, banapatia mutu farasi kisha kufa? Bangemupatia mbele ya kufa, angefika kwao."

Wiki ile, tukiwa mgahawani mtaa wa Dengfeng, aliuliza nani ataongozana naye. Mfanyabiashara mwenzake, naye wa Lubumbashi, akamjibu, "Papa, ngojea kontena hii itoke kwanza."

"Kontena haina na mama wa kuingojea," Papa akasema, akaendelea kula.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kontena ile ilitoka, ikaja nyingine.

Juzi tulikutana mgahawani humo kupanga safari ya kuurudisha mwili wake kwao. Kabla chai haijamiminwa, mikono ilikuwa juu. "Mimi niko tayari hata kesho, mzigo utangoja," alisema kijana wa Nairobi. "Hapana, ndugu, siye ba Lubumbashi ndio tutamusindikiza," akajibu yule yule aliyesema kontena itoke kwanza. Walibishana mpaka mwenye mgahawa akawatuliza. Watakwenda watatu.

Biashara ya hapa imetuzoesha kuona kwamba mzigo una tarehe yake, lakini mtu anaweza kungoja. Mama yake Papa atawapokea wageni hao, atawashukuru, kisha atawauliza kwa nini mwanawe hakuja mapema. Sijui watamwambia nini. Anayeumwa tumuulize anataka nini angali anaweza kujibu, na akisema anataka kwenda kwao, maduka tuyafunge siku hiyo.