Barafu ya Chumba cha Chai

Bron Kearsley akipenda jambo, miguu yake haitulii. Asubuhi ile, pale Hobart, mji wa kisiwani, alikuwa ameshapanda na kushuka ngazi za idara yake ya chuo bila sababu yoyote, maana mtu aliyemsaka kwa muda mrefu alikuwa ndani ya jengo, na jioni angeweza kumponyoka.

Kazi ya Bron ni kuchunguza, kwa kompyuta tu, protini inayozuia damu ya samaki wa Antaktika isigande kuwa barafu. Samaki mwenyewe hamgusi. Huzijenga molekuli ndani ya kompyuta, chembe kwa chembe, akaziachia zisukumane, akatazama. Alitaka mtafiti mwenye shahada ya uzamivu katika kazi hiyohiyo. Wa kwanza alikimbilia Zurich. Wa pili alikubali, mkewe akaikataa baridi. Na mwisho wa mwezi nafasi yenyewe ingefutwa.

Sasa amekuja Dilhani Seneviratne kutoka Adelaide, kichwa hasa. Chuo kimoja cha bara kilikuwa kimeshampa kazi, kikataka jibu siku hiyohiyo.

"Maswali yaleyale kwa kila mtu," Leesa wa ofisi ya utumishi alimwonya Bron. "Na usimchekeechekee." Bron akakaa usaili mzima kakunja uso kama anayeumwa jino, huku moyoni anapiga vigelegele.

Ikaja saa ya chai. Ukutani palikuwa na skrini, na humo ilikuwa ikicheza filamu aliyoitengeneza Bron kwa ajili ya wageni: protini yake ikiteleza majini kwa madaha. Ilikuwa ikicheza mwaka mzima. Dilhani akasimama mbele yake, kikombe mkononi, mpaka chai ikapoa.

"Unaionaje?" Bron akauliza, sifa anazinusa kwa mbali.

"Nzuri. Ila mbona ina safari?"

"Safari gani?"

"Ndani haitikisiki, Profesa. Imekakamaa yote, inakwenda tu."

Wanafunzi waliokuwa wakinywa chai wakageuka kuitazama skrini. Kompyuta hupewa kazi ya kulinda joto la molekuli lisibadilike, nayo huongeza na kupunguza mwendo wa chembe kila mara. Ukitumia njia ya mkato, mtetemo wa ndani hunyonywa kidogo kidogo, ukageuka mwendo wa kwenda mbele, mpaka kitu kizima kinaganda na kuondoka zake. Wenyewe huiita barafu irukayo, na wanafunzi huonywa mapema kabisa. Bron ndiye anayewaonya. Protini ya kuzuia barafu, na yeye kaigandisha, kaitundika ukutani.

Ametuona tulivyo, Bron akawaza, huyo anakwenda bara.

"Kumbe mwaka mzima tunakunywa chai na barafu," akasema Graeme Pybus, mzee wa maabara ya jirani aliyekuwa naye kwenye jopo la usaili.

"Na wewe ndiye uliyesema inatembea kama bibi harusi," Bron akamjibu.

"Nilisema. Na bado inatembea vizuri."

Hapo kicheko kikamshika Bron, kikamkalisha sakafuni, machozi yanamtoka. Wanafunzi wakapiga meza. Chumba kile kina desturi yake: hesabu yako ikiharibika, unaoka keki, na unaikata huku unasimulia ulivyoiharibu. "Keki, bosi," wakadai. "Ya mwaka mzima hiyo, isiwe ndogo."

"Nitaoka, jamani, nitaoka." Akajifuta macho, akamsahau Leesa kabisa. "Dilhani, niambie kweli. Bado unatutaka?"

"Bron, swali hilo halimo," Leesa akasema. "Na jopo halijakaa."

"Limekaa," akasema Graeme, akimwonyesha Bron pale chini.

Dilhani alikuwa anacheka mpaka chai inamwagikia kiatu. Akaweka kikombe.

"Kule bara nao wana skrini kama hii," akasema. "Niliwaonyesha barafu yao."

Bron akaacha kucheka. "Wakasemaje?"

"Wakaizima. Tukazungumza habari za maegesho ya magari." Akaitazama protini ikipita tena nyuma ya kichwa cha Graeme, imekakamaa vilevile. "Ninyi hata hamjakumbuka kuizima."

Akatoa simu, akawaandikia watu wa bara mbele ya wote, akairudisha mfukoni.

"Keki iwe ya ndimu," akasema.

Leesa akajifanya anasoma karatasi zake, akaziinua mpaka puani, mabega yanamtikisika.