Nukta Ambayo Haikuwashwa

Baba yangu aliwinda nguruwe pori kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakuwahi kuonja nyama yake. Dukani watu walimtania. Sisi ni Waislamu, ukoo wetu ulitoka Arabuni zamani, tunauza kamba, maturubai na kufuli Kariakoo, na wateja walitaka kujua mtu wa namna hii anamtakia nini nguruwe. Baba alijibu kwamba yeye hawindi nyama, anaokoa mihogo ya watu. Rafiki yake mkubwa, mzee aliyemaliza ujana wake akinunua samaki mnadani Feri, alikuwa na shamba upande wa Rufiji, na kila kiangazi nguruwe waliingia kulifukua. Basi kila mwaka wazee hao wawili walikata kibali, wakamkodi kiongozi wa uwindaji anayeyajua mapori ya kule, wakaenda siku tatu. Nguruwe waliouawa waliachiwa majirani wanaowala.

Miaka minne iliyopita kiongozi yule alipiga simu mapema. Alisema vichaka vimefunga, mnyama anatokea ghafla hatua kumi na tano au ishirini kutoka ulipo, kwa hiyo waje na silaha nyepesi na kitu rahisi cha kulengea. Wazee walibishana wiki nzima juu ya kahawa mbele ya duka. Rafiki yake alitaka waazime shotigani ya kupiga risasi moja nzito. Baba hakutaka kuiacha bunduki yake ya raifo aliyorithi kwa babu, ila alilalamika kwamba kile kijiti cha kulengea mbele ya mtutu kimepinda. Mwenzake aliitazama, akasema kimenyooka kama siku zote. Baba akakaza kwamba kimepinda, na mwishowe akaamua kununua kilengeo kipya.

Mimi niliwasikiliza nikicheka. Kumbe dalili zote zilikuwa mbele yangu. Baba alikuwa ameacha kuendesha gari mwaka uliotangulia, akisingizia foleni, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka kila mahali. Funguo za kufuli alizitambua kwa kuzipapasa. Mtu akimwambia "Shikamoo", alijibu "Marahaba", kisha akangoja mtu huyo aseme neno jingine ndipo ajue ni nani. Niliyaona yote hayo na sikuyaunganisha.

Siku ya kuwapeleka duka la silaha mjini kulikuwa na joto, nilizunguka muda mrefu nikitafuta pa kuegesha, na dukani kwetu nilikuwa nimeacha wateja wa jumla wakinisubiri. Nasema hivi si kwa kujitetea. Nataka tu ieleweke kwamba niliingia mle ndani nikiwa nimeshachoka na wazee wangu wote wawili.

Muuzaji alikuwa mtu mzima, mpole. Alikagua kitabu cha leseni cha baba, akatoa kwanza darubini ndefu, akaeleza mwenyewe kwamba hiyo ni ya kupigia mnyama wa mbali, na kwamba kichakani mwindaji akiitumia ataona manyoya tu. Kisha akatoa kilengeo kidogo, kama kiberiti, chenye kioo. Alisema ukichungulia humo unaona nukta nyekundu, na pale nukta inapotua ndipo risasi itakapopiga. Huna haja ya kuoanisha kijiti cha mbele na kitu chochote. Baba alifurahi. Alikipokea, akakielekeza kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani, akachungulia kwa jicho la kulia, kisha la kushoto.

"Naiona," alisema. "Nyekundu, imetulia katikati."

Muuzaji alinyoosha mkono taratibu, akasema amrudishie ili amtengenezee vizuri. Mimi nikawahi kukichukua, kwa udadisi tu. Nilichungulia. Kioo kilikuwa kitupu. Kitufe cha kuwashia, ubavuni, kilikuwa hakijabonyezwa. Nilipoinua uso, muuzaji alikuwa ananitazama, na alitikisa kichwa kidogo sana. Nilimwelewa. Hapo ndipo ninapokwama kila ninapokumbuka, kwa sababu nilimwelewa kabisa, na bado nikasema.

"Baba, hii haijawashwa. Hakuna nukta humu. Ndiyo maana umeacha kuendesha gari. Huoni."

Rafiki yake akageukia maboksi ya risasi, akawa kama anayasoma. Baba alipapasa kaunta akitafuta kitabu chake cha leseni, mkono ukapita pembeni, ukarudi, ukakipata.

"Tumekusumbua," alimwambia muuzaji. "Utusamehe."

Tulirudi garini. Tulipofika karibu na Mnazi Mmoja baba aliomba ashuke, atembee. Nilimwacha. Nilimwona kwenye kioo cha gari akienda kando kando ya maduka, vidole vikigusa mageti.

Siku ya tatu alinikuta nikipanga maturubai, akasimama nyuma yangu. Alisema nilichosema kilikuwa kweli, na pengine nimemwokoa mtu, maana pale kichakani angeweza kumpiga kiongozi au mwenzake. Halafu akaongeza, "Lakini ungeniambia nyumbani."

Niliomba radhi. Akasema yamekwisha. Wiki hiyo aliipeleka raifo polisi kuikabidhi, na alikataa nisimame naye kwenye foleni. Hospitali walituambia ni presha ya macho, jicho la kulia limeshakwenda, la kushoto wataliokoa kiasi kwa dawa ya matone.

Rafiki yake alikwenda Rufiji peke yake. Najua alikwenda, kwa sababu kiongozi alinipigia simu kuuliza mbona mzee wetu hakuja. Aliporudi alikuja kumsalimia baba, wakakaa sebuleni, na baba akamuuliza mwishowe alichukua silaha gani. Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Yule mzee alisema safari iliahirishwa, mvua ziliharibu njia. Kilikuwa kiangazi kikavu. Baba akasema basi, mwakani Mungu akipenda, na wakaendelea na habari za bei ya pweza.

Nilirudi jikoni nikalia. Mzee aliyezoea kupigana bei mnadani siku nzima alijua namna ya kumsitiri rafiki yake kwa sentensi moja, na mimi mwanawe sikujua.

Baba yupo. Haketi tena mbele ya duka. Asubuhi, mchana na jioni namtia matone. Analaza kichwa nyuma, anatulia, na nikimaliza ananiambia asante sana, kwa adabu ileile anayomshukuru nayo nesi wa kliniki.