Goti Lililofunga Barabara

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza alikuwa amesimama kwenye daraja la chini, gauni amelikunja, akichungulia goti lake. Maji yalikuwa yameligusa. Akatoka, akaviringisha mapipa mawili hadi katikati ya barabara, akashika kipaza sauti.

"Barabara imefungwa! Magari yapite ya juu! Wa bondeni, zimeni umeme, bebeni dawa na vyeti, pandeni shuleni!"

Mimi ni fundi viatu, na kibanda changu kiko hatua kumi kutoka hapo. Tulikaa jirani misimu sita ya mvua. Watu walimwita Mama Goti, kwa sababu ofisi ya barabara, iliyomwajiri kulinda daraja, haikumpa kipimo chochote. Ilimwambia tu: maji yakifika gotini, funga. Naye alikuwa mfupi.

"Goti lako wewe ni kifundo changu!" madereva walimtania.

"Peleka hicho kifundo ofisini kikaajiriwe," aliwajibu, bila kuinuka kwenye pipa alilokalia.

Mto ukijaa alikaa pale hata siku tatu. Mara nyingi nilimkuta amesinzia, kipaza kiko mapajani. Mimi si msemaji. Nilimpelekea chai, nikarudi kibandani. Aliniita shemeji, ingawa hatukuwa na undugu wowote.

Msimu wa mwisho maji yalipanda asubuhi, na wazee wawili wa bondeni wakagoma kutoka kwao.

"Shemeji, nishikie hapa nikawatoe wale. Maji yakifika gotini, viringisha mapipa."

Akateremka mbio. Punde likaja gari la mikate, dereva akapiga honi. Nikaingia majini kupima. Yalikuwa chini ya goti langu kwa shibiri nzima. Mimi ni mrefu, lakini hilo halikunijia kabisa kichwani. Nikampungia mkono apite.

Maji yalilisukuma gari likalalia ukingo wa daraja. Dereva alitolewa kwa kamba, mkono umevunjika.

Kesho yake tuliitwa ofisini. Mkubwa wa pale akamuuliza Mama Goti kwa nini aliacha kituo chake. Wale wazee walikuwa salama shuleni, lakini hakuwataja. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Nilikuwa sijawahi kusema mbele za watu. Nikasimama.

"Goti lilikuwa langu. Nilipima mimi."

"Wewe hujaajiriwa hapa," mkubwa akasema. "Kaa chini."

Wakamnyang'anya kipaza, na kazi ikaishia hapo.

Nilimsindikiza hadi kwake, njia nzima natafuta maneno ya kumwomba radhi, nisiyapate. Siku mbili baadaye binti yake alikuja kumchukua akaishi naye mbali, nami sikuwepo, nilikwenda kununua ngozi. Kwa hiyo maneno yake ya mwisho kwangu ni yale ya mlangoni, akiwa ameegemea ukuta, anavua viatu vilivyolowa:

"Nenda tu, shemeji. Ila kesho mtu asinigongee. Hata mto ukifika hapa kizingitini, niacheni nilale."