Bati la Mashujaa

Siku ya kwanza kuingia kazini Hockley, mtaa wa masonara huko Uingereza, nilivaa suti. Nilikuwa nimetoka Mombasa wiki chache tu, na marehemu mke wangu alishikilia kuwa sonara haendi mbele za watu kama mpagazi. Msimamizi wa mafundi, Mwingereza mrefu wa makamo, alinitazama kuanzia viatu hadi kola, kisha akanipa aproni ya ngozi.

"Suti ni nzuri," alisema. "Sasa nionyeshe mikono."

Aliigeuzageuza kama anayechagua samaki, akaniketisha karibu na Mzee Singh, Singasinga wa Kisumu aliyekuwa akisugua vyombo vya fedha. "Karibu, fundi," Mzee Singh aliniambia kwa Kiswahili. "Hapa ni baridi mpaka ndani ya mifupa, lakini kazi iko." Nusura nilie kwa kuisikia lugha ile.

Wakati huo, mwishoni mwa miaka ya sitini, Hockley ilikuwa ikilia nyundo kutoka asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kufua nakshi. Unapasha lami moto mpaka ilainike, unalaza bati juu yake, unalipiga kwa nyuma ili sura itokeze mbele. Kisha unaligeuza na kuchora mistari midogo kwa tindo. Madini yakipigwa sana huwa magumu na kupasuka, basi kila mara unayarudisha motoni yalegee. Msimamizi alikuwa bingwa wa kazi hiyo, lakini nilipomkuta mikono yake ilikwisha anza kutetemeka. Nyundo kubwa aliiweza. Tindo haikumtii tena.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini tuliletewa kazi na shule moja kongwe ya mjini. Walitaka mlango wa maktaba yao upambwe kwa hadithi ya Wayunani na Warumi wa kale kuhusu vizazi vya wanadamu. Msimamizi aliijua. Alitusimulia wakati wa chai, akiwa amekaa juu ya kreti.

Kizazi cha kwanza, alisema, kilikuwa cha dhahabu. Ardhi ilizaa bila jembe, na watu walikufa kama wanaopitiwa na usingizi. Wakafuata wa fedha, waliokaa utotoni miaka mia wakidekezwa na mama zao, na walipokua wakaishia kugombana. Halafu wa shaba, watu wa vita. Mwisho ni sisi, wa chuma: kazi bila kupumzika, mgeni na mwenyeji hawaaminiani, mtoto hamheshimu mzazi, mpaka siku Haya, yule mungu wa kike wa staha, atakapojifunika shuka yake nyeupe na kuihama dunia.

"Kwetu husema ya kale ni dhahabu," nilimwambia.

"Basi mnaijua hadithi," alijibu. "Lakini nimeruka kizazi kimoja. Wayunani walikiweka kati ya shaba na chuma: mashujaa. Hao walikuwa wema kuliko waliowatangulia. Ni mahali pekee ambapo dunia iliacha kuteremka."

"Wao ni madini gani?" aliuliza Mzee Singh.

"Hawakupewa madini, bwana. Itabidi sisi tuwachagulie."

Alichagua shaba nyekundu, si ile ya njano ya watu wa vita, kwa sababu inafanana na ngozi ya mtu aliyetoka juani. Umbo kubwa alilipiga mwenyewe. Uso alinipa mimi, akasimama nyuma yangu siku baada ya siku. "Shavu liingie ndani kidogo. Hapana, nyusi zisikutane. Hapo, mdomoni, kama anayetaka kucheka kanisani." Ndipo nikafahamu kuwa tunamtengeneza mtu. Alikuwa mdogo wake, aliyekufa vitani. Nyumba ya wazazi wao iliungua kwa mabomu, na picha zote zikateketea. Nilipomaliza mstari wa mwisho wa kidevu, Msimamizi alivua miwani, akatoka nje akasimama uani kwenye mvua.

Mwalimu Mkuu wa shule alikuja kukagua akifuatana na mwenye karakana. Alisifu dhahabu, akasifu fedha. Mbele ya bati la mashujaa alisita.

"Sisi tunafuata masimulizi ya Kirumi," alisema kwa upole. "Vizazi vinne. Mlango una nafasi nne."

"Linaweza kutundikwa ndani, ukutani," nilisema. Sikuwa nimeombwa kusema.

"Samahani. Litaharibu mpangilio."

Walipoondoka, mwenye karakana aliamuru bati lisawazishwe litumike tena. Shaba ilikuwa ikihitajika kwa trei za hoteli. Mzee Singh alinong'ona, "Tulifiche, fundi. Nani atauliza?" Msimamizi alimsikia, ingawa hakujua maneno.

"Hapana," alisema. "Sitaki liibwe. Wala asiliguse mtu mwingine."

Alilipasha moto, akalilaza kifudifudi kwenye lami, akaanza kulisawazisha. Nilitarajia hasira, lakini alipiga taratibu, kama alivyonifundisha mimi, asiache alama hata moja. Sisi wengine tuliacha nyundo zetu. Alipomaliza lilikuwa bati tupu, laini, linang'aa. Akatundika aproni, akapanda basi kwenda kwake Perry Barr, na hakurudi kazini tena.

Karakana ilifungwa miaka michache baadaye. Trei za hoteli zilianza kutengenezwa kwa mashine, na mimi nikahamia kiwanda cha magari, ambako niligonga milango isiyokuwa na sura ya mtu yeyote mpaka nilipostaafu. Vijana mnaniuliza kama zamani kulikuwa bora. Sijui. Waliotunga hadithi ile nao walijiita watu wa chuma. Dhahabu hawakuiona kwa macho yao.

Ninachojua ni hiki. Jumapili moja nilimtembelea Msimamizi. Alikuwa kando ya moto, blanketi magotini.

"Uso wake umenipotea," aliniambia. "Nilipokuwa nikiupiga niliuona. Sasa sipati kitu. Wewe je, unaukumbuka?"

Nilichukua penseli. Nilirudi Jumapili nyingi, na kila mara aliishika karatasi karibu na dirisha, akaitazama sana, akanirudishia.

"Umekaribia, rafiki yangu. Lakini si yeye."

Mpaka alipofariki hatukumpata.