Mahali pa Kuweka Trela la Bibi

Baba alifariki wakati natafuta mahali pa kuweka trela. Nalisema hivyo bila kulizungusha kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Watu wakiniuliza habari ilinikuta wapi, naona wanangoja niseme kanisani, au kitandani, mahali penye heshima kidogo. Ilinikuta ofisini, Al Garhoud, Dubai, karibu na uwanja wa ndege, nikiwa natazama kwenye kompyuta ramani ya kambi katika hifadhi moja ya milimani huko Marekani. Simu ikaita. Mdogo wangu akasema, "Kaka, mzee ametutoka." Ndege ikapita juu ya paa letu kama zilivyozoea, vioo vikatetemeka, nami nikasubiri ipite ndipo nimwombe arudie. Akarudia. Nikamjibu, "Sawa, nimesikia," kana kwamba ameniambia maharage yamevunwa. Kisha nikaendelea kutazama ramani, na naikumbuka hadi leo kuliko ninavyoikumbuka sauti ya mdogo wangu.

Ofisi yetu ilikuwa ya wakala wa safari, ndogo, watu wanne na birika moja la chai. Kazi kubwa ilikuwa kuwauzia tiketi watu wanaorudi makwao likizo. Mimi nilipewa zile safari za ajabu ajabu, za watu wanaotaka kwenda kuona theluji, kwa sababu siku ya usaili nilisema nimezaliwa Kilimanjaro. Meneja alidhani kuzaliwa mlimani ni taaluma. Sikumkatalia, maana kiti cha ofisini ni kiti, na wenzangu wa chumbani kule Deira walikuwa wakisimama juani mchana kutwa wakilinda milango ya watu.

Nilimweleza meneja kabla ya chakula cha mchana. Hakuwa mtu mbaya. Alisema pole, akasimama, akanishika bega. Halafu akatazama kabati la chuma pembeni ya kiti changu, ambamo pasi zetu za kusafiria zilifungiwa na ufunguo alikuwa nao yeye tu.

"Hii familia ya trela, umemaliza?"

"Bado, sir. Nafasi zinafunguliwa Jumatano jioni."

"Basi maliza Jumatano. Alhamisi asubuhi nakupa pasi, jioni unapanda ndege. Khalas. Maziko lini?"

"Jumamosi."

"Yalla, utawahi."

Nilipiga hesabu nikaona kweli nitawahi. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu, nifike kabla hajafunikwa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayeonyesha mahali pa kuchimba na ndiye anayepiga jembe la kwanza, na mtoto huyo ni mimi. Wadogo zangu walikuwa wameuacha mwili mochwari wananingoja. Hakuna aliyesema nisipofika itakuwaje, kwa kuwa halikuwa jambo la kusemwa.

Basi nikarudi kwenye trela. Wateja wenyewe walikuwa familia ya Waunguja waliohamia Dubai zamani, wenye uraia, wenye gari refu jeupe, na mkubwa wao alikuwa Bibi mmoja mwembamba aliyekuja ofisini na mwanawe wa makamo. Mwana alizungumza Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chai. Bibi yeye alikuwa na Kiunguja chake chote, hakikupungua hata punje. Nilipomwamkia "Shikamoo, Bibi," aligeuka kama aliyeitwa kutoka chumba kingine.

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Kilimanjaro."

"Ah! Basi weye ndo wa kunchagulia."

Mpango wao ulikuwa kuruka hadi Marekani mwezi wa nane, Dubai ikiwa haikaliki kwa joto, wakodi trela la kulala lenye vitanda na jiko, walivute kwa gari kutoka hifadhi hadi hifadhi, tatu kwa jumla. Kila hifadhi ina viwanja vya kambi, na kila kiwanja kina vituo vilivyohesabiwa namba, unachagua chako kwenye kompyuta miezi kabla hujakiona. Mwana alitaka kituo chenye umeme ili kiyoyozi kifanye kazi. Nilimweleza kwamba kule usiku watatafuta mablanketi. Akasema umeme hata hivyo. Mkewe, aliyewakilishwa kwa simu, alitaka bafu karibu. Bibi alingoja wote wamalize.

"Mie nnataka maji," akasema. "Si ya bomba. Yanayokwenda yenyewe, n'yasikie nikilala. Na pa kutandika mswala pawe sawasawa, na wanaume wasipitepite. Hayo mengine watajijua. Chagua kama unamchagulia mamako."

Siku zile mbili nilichagua. Sikulia. Nilikuwa nimejiweka tayari, nimetia leso mfukoni, lakini haikuja haja ya leso. Nilikula, nikapanda basi, nikalala kwenye kitanda changu cha juu karibu na kiyoyozi kinachodondosha maji, nikaamka. Mwenzangu mmoja Mkenya alinitazama akasema, "Brathe, uko sawa kweli? Lia tu, hakuna mtu atakucheka." Nikamwambia niko sawa, na wala sikuwa namdanganya. Ndani kulikuwa kama mguu uliokaliwa, unajua upo lakini ukiugusa ni wa mtu mwingine.

Kuchagua uwanja nilifundishwa na baba. Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Alinichukua chini ya kihamba, shamba letu la migomba na kahawa, hadi karibu na mfereji, akaniambia, "Ungeambiwa ulale humu, ungelala wapi?" Nikamwonyesha palipo laini. Akacheka, akabonyeza udongo kwa kisigino, maji yakachuruzika. Akanitembeza. Tazama majani yaliyooza, hapo maji husimama. Tazama mti umeegemea wapi, upepo hutoka upande wa pili. Jua la asubuhi likufikie, la mchana likukose. Mwishowe nikaonyesha mahali pamoja chini ya mti wa mringaringa, pameinuka kidogo, mfereji unasikika bila kuonekana. Baba akasema "Haya," akakata matawi ya masale, ule mmea tunaopanda mipakani na makaburini, akayachomeka manne, moja kila pembe. Nikadhani anaweka mpaka wa shamba. Alikuwa mtu wa kupandapanda vitu.

Kwa jicho hilo hilo nikamchagulia Bibi. Tovuti ilikuwa na picha ndogo za kijivu zilizofunguka kwa kusuasua, na wateja wa zamani walikuwa wameandika maoni yao. Niliruka vituo vyote vya mbele vyenye lami, vilivyopangwa kama maegesho ya gari, ingawa ndivyo vilivyokuwa na umeme mwingi. Nikaingia ndani kabisa, mwisho wa vijia, kwenye misonobari. Hifadhi ya kwanza nikapata kituo juu ya kijito. Ya pili, kando ya mto, pameinuka, pana jiwe kubwa linalokinga upepo. Ya tatu nilikaa nayo kuliko zote, hadi nikaona penye miti mitatu upande wa jua la mchana. Jumatano jioni, kwao asubuhi, nafasi zikafunguliwa, nikabonyeza, nikavipata vyote. Meneja akanipigia makofi. Mimi nikaona tu kwamba vidole vyangu vina baridi.

Alhamisi asubuhi nilikuja na begi langu. Kulikuwa na ujumbe wa baruapepe kutoka kila hifadhi, maneno tofauti lakini habari moja. Trela lenu ni refu mno kwa kituo hiki. Kijia hakina nafasi ya kukata kona. Tafadhali chagueni kingine, la sivyo nafasi itafutwa.

Urefu wa trela nilikuwa nao tangu siku ya kwanza, kwenye karatasi iliyo mbele yangu. Sikuutazama. Kwetu uwanja unatazamwa kwa miguu. Unaangalia udongo, maji, jua, upepo, basi. Hakuna mtu kwetu anayejiuliza kitu chenye magurudumu kitafikaje, kwa sababu hakifiki. Nyumba nzima nimeiona ikipanda kilima juu ya vichwa vya watu, mabati, kabati la mama na yote. Nilikuwa nimemchagulia Bibi mahali pazuri pa kufikia ukiwa na mzigo kichwani.

Meneja alisoma, akavuta pumzi kwa pua. "Rekebisha. Mteja huyu hawezi kupotea."

"Sir, ndege yangu ni jioni."

"Ukimaliza kabla ya saa sita, utapata pasi."

Kule Marekani walikuwa wamelala. Simu ziliita bila kupokelewa na tovuti ikakataa kubadilisha bila idhini ya mtu. Saa sita meneja alitazama saa, akanitazama mimi, akasema tutaongea Jumamosi, akatoka. Alikuwa akienda Fujairah na watoto wake kwa mapumziko ya Ijumaa. Kabati la chuma lilibaki pale pale, naweza kuligusa bila kuinuka, na ufunguo ulikuwa njiani kuelekea baharini. Nikakasirika kidogo, nikafurahi kwamba nimekasirika, kisha hata hiyo hasira ikaondoka.

Mchana Bibi akaja na mwanawe, kwa kuwa nilikuwa nimewaarifu kwamba vituo vimekataliwa. Nikawaonyesha vilivyobaki. Vya mbele, vya lami, unaingia upande huu unatokea upande ule bila kurudi nyuma. Bafu karibu. Umeme upo. Bibi akauliza kama maji yatasikika. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kuna simba. Nikasema ndiyo. Akaweka mkono juu ya meza.

"Mwanangu, una msiba weye."

Nikageuza macho kwenye ramani.

"Kila ninalokuuliza wajibu ndiyo. Nani?"

"Baba."

"Innalillahi. Mmeshazika?"

"Bado. Wananisubiri. Kesho kutwa."

"Na weye uko hapa unantafutia mie pa kulala?"

Nikamweleza habari ya pasi. Akamgeukia mwanawe akamwambia maneno ya Kiarabu makali ambayo nusu yake niliyaelewa. Mwana akampigia meneja. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, akatoka nje kupiga, akarudi akatikisa kichwa. Bibi akamwagiza akatafute chai, ingawa birika letu lilikuwa mezani. Kisha akakivuta kile kiti cha magurudumu cha mwenzangu, akakaa kando yangu, akajifunga buibui lake vizuri.

"Ntakaa nawe kidogo," akasema.

Nikaelewa anakaa matanga. Katika ofisi ya tiketi, chini ya picha ya ndege, mwanamke ambaye sikuwa na undugu naye alikuwa amekaa matanga ya baba yangu, na hakuwa na haraka. Baadaye akasema, bila kunitazama, "Mie babangu tulimwacha Unguja, nami msichana mdogo. Habari nliletewa na msafiri, kashazikwa zamani. Kaburi lake silijui liko upande gani."

"Ulilia, Bibi?"

"Nlipika. Watu walikuja, nkapika."

Hilo lilinifariji kuliko pole zote, na hadi leo sijui kwa nini.

Simu yangu ikaita. Alikuwa mdogo wangu. Nyuma yake nilisikia watu wengi, sufuria, mtu anaita mtoto. Nikamwambia sitafika. Nikamsikia anahama kutoka kwenye kelele.

"Tusogeze, kaka? Wiki ijayo?"

Nilimfikiria baba kwenye droo ile ya baridi, akingoja mtu wa ufunguo arudi kutoka baharini.

"Msisogeze. Zikeni."

"Jembe?"

"Piga wewe."

"Basi tuonyeshe mahali. Wazee wanasema hilo hawalisemi wao, liseme wewe."

Nikafumba macho nikatembea kihamba chote. Juu karibu na nyumba, udongo umekanyagwa. Kwenye kahawa, mizizi. Upande wa barabara, vumbi. Nilichagua kama nilivyochagua wiki nzima, kwa uzoefu, bila moyo kuingia. "Chini," nikamwambia, "karibu na mfereji. Pale kwenye mringaringa, pameinuka. Hapatuami maji. Jua la asubuhi linafika."

Nilisikia hatua zake kwenye majani makavu.

"Kaka," akasema, "pale kwenye masale manne?"

"Hapo hapo."

"Pale ni kwako. Baba alikukatia wewe ujenge. Hakumruhusu mtu kupanda hata mgomba. Mwezi uliopita, anaumwa, alishuka na fimbo kupalilia. Tukimlaza pale, wewe utajenga wapi?"

Nilikiona kisigino cha baba kikibonyeza udongo. Ungeambiwa ulale humu, ungelala wapi? Nilifungua macho. Ramani ilikuwa bado kwenye kioo, vituo vya lami na namba zake.

"Mlazeni pale," nikasema. "Mimi ninapo pa kulala."

Nikakata simu. Bibi alikuwa amesikia upande wangu, na Kiswahili ni Kiswahili, hakuhitaji mkalimani.

"Wamepata mahali?"

"Wamepata, Bibi."

"Pazuri?"

"Pazuri. Maji yanasikika," nikamwambia. "Gari tu ndilo halifiki. Watambeba."